Anwani Moja, Nyumba Nyingi

Gando, Jumanne, 1 Machi 2016

Daftari hili nimelinunua Wete kwa sababu siku hizi neno likikutoka mdomoni hujui litalala nyumba gani. Uchaguzi wa Oktoba wa huku visiwani umefutwa, unarudiwa tarehe ishirini mwezi huu, na watu wa upande wetu wameambiwa wasiende. Basi kila mtu anamtazama mwenziwe miguu, inaelekea wapi.

Mie ni fundi wa mtandao katika chuo cha ufundi hapa Gando, mwaka wa kumi huu. Mafundi tuko wawili, mie na Ame Silima. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza moja ndefu; yeye anakaa upande wa dirisha, mie upande wa mlango. Kwao Ame ni watu wa chama kinachotawala toka babu yake. Kwetu, kwa baba yangu Mzee Thuwein, ni upinzani mpaka paka. Miaka yote hatukuwahi kulizungumza hilo, na nadhani ndiyo maana tumeelewana.

Mvua imenyesha kidogo, ya kutia tope tu.

Alhamisi, 3 Machi

Umeme umekatika mara nne. Hakuna zaidi.

Jumatatu, 7 Machi

Nimemkuta Ame kashafika. Mara ya tatu katika siku tano. Zamani mie ndiye niliyekuwa nikifungua. Nilipoingia alifunga kilichokuwa kwenye skrini yake, akanisabahi, akauliza hali ya Baba. Ame hajawahi kuuliza hali ya Baba.

Alhamisi, 10 Machi

Leo nimeona kitu.

Niandike vizuri, maana pengine siku moja nitaulizwa. Kila kompyuta ya chuo ina anwani yake ya ndani, namba nne zenye nukta katikati, zinazoanza na 192.168. Anwani hizo nazigawa mimi. Ni za humu ndani tu, kama majina ya utani ya nyumbani. Ukitoka nje hakuna azijuaye. Nje ya hapa chuo kizima kinaonekana kwa anwani moja, na ruta iliyo kabatini ndiyo inayopokea kila kinachoingia na kukipeleka kwa mwenyewe.

Sasa leo nilikuwa nakagua orodha ya mashine zinazosikika kwenye waya, nikakuta safu nyingine kabisa ambayo sikuigawa mimi. Anwani ndefu, herufi na namba zimechanganyika, na alama za nukta mbili katikati. Zote zinaanza na fe80. Nimezihesabu, ziko thelathini na nane.

Nilisikia kozini zamani kwamba kuna toleo la sita la anwani, na kwamba tunalotumia sisi ni la nne. Mwalimu alisema litafika baada ya miaka mingi, nami nikapiga miayo. Nani kalileta hapa? Tunaoingia ndani ya ruta ni wawili. Mmoja ni mie.

Sikumuuliza. Nilimtazama akinywa chai.

Jumatatu, 14 Machi

Mkuu wa chuo, Maalim Abdulsamad, ametukusanya akasema mpaka uchaguzi upite mtu asiongeze wala asipunguze kitu chochote kwenye mtandao. Alisema akimtazama kila mmoja kwa zamu. Ame alitikisa kichwa mapema kuliko sote.

Jumapili, 20 Machi

Siku ya kupiga kura. Baba kafunga geti kwa kufuli na kukaa na redio tangu asubuhi. Mdogo wangu Muntasir aliruka ukuta, akarudi baada ya alasiri karowa chepechepe. Baba alimfokea. Yeye akajibu kwamba alikwenda kutazama tu.

Mvua sasa ndiyo mvua.

Jumatano, 23 Machi

Darasa la pili limevuja. Tumehamisha kompyuta sita.

Alhamisi, 24 Machi

Kwenye jukwaa moja la mtandaoni, lile linalosomwa na kila mtu hapa mpaka wasiojua kusoma, kumewekwa orodha tangu jana. Majina arobaini na moja ya watu wa nyumba za upinzani waliokwenda kupiga kura Jumapili. Kila jina na maelezo: huyu duka lake hapa, huyu shamba lake njia ile. Juu yake kumeandikwa: Wajueni. Mwenye kuandika hakuweka jina lake.

Namjua mmoja wao vizuri. Mzee Mabruki, seremala aliyetengeneza milango ya chuo, na shamba lake linapakana na letu.

Nyumbani hakuna aliyelizungumza. Baba alizima redio, akaiwasha tena.

Jumatatu, 28 Machi

Wamemkatia Mzee Mabruki mikarafuu kumi na mmoja. Wameipiga msumeno karibu na ardhi. Nilipita asubuhi nikienda kazini, nikamkuta amekaa juu ya kisiki kimoja, kanzu imelowa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaniitikia, akanitazama mpaka nikaona haya, kama kwamba anatafuta usoni pangu kitu.

"Baba yako hajambo?" akauliza.

"Hajambo, Mzee."

"Mwambie nimeuliza."

Sikumwambia.

Jumatano, 30 Machi

Wamekuja polisi. Wawili, na gari moja. Aliyezungumza ni afande mmoja mrefu, mpole wa sauti, aina ya mtu anayekuacha uzungumze. Mkuu alituita ofisini, mie na Ame.

Afande akatoa karatasi. Mwenye jukwaa ameitoa anwani iliyoiweka ile orodha, na saa: tarehe ishirini na tatu, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Hii anwani mnaijua?"

Naijua kama jina langu. Ni anwani ya nje ya chuo. Ndiyo inayoonekana kila tukifungua tovuti ya kupimia mtandao.

"Ya kwetu," nikasema. Ame alikuwa anaitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko zinavyohitaji namba nne.

"Basi aliyeandika alikuwa humu ndani. Kompyuta gani?"

Nikamwambia ruta yetu inaweka kumbukumbu za siku mbili tu, kisha inafuta. Akaandika. Akaniuliza jina langu kamili. Nikamtajia: Ghaliya binti Thuwein. Akalirudia lile la pili polepole.

"Mzee Thuwein wa hapa Gando? Aliyekuwa wakala wa kura wa upinzani?"

"Ndiye baba yangu."

"Na saa tano siku hiyo ulikuwa wapi, Bi Ghaliya?"

"Nilikuwa nahamisha kompyuta. Darasa la pili lilivuja."

"Peke yako?"

Nikamtazama Ame. Tulikuwa sote, au tuseme tulikuwa sote kwa muda. Kuna kitambo alitoka. Nilingoja aseme kwamba tulikuwa pamoja. Alisema, "Nilikuwa naingia na kutoka."

Nimerudi nyumbani. Naona wazi jinsi itakavyokuwa. Orodha ni ya kuwatisha waliokwenda kura. Nani awatishe kama si mtu wa upande wetu. Na mtu wa upande wetu mwenye funguo za mtandao ni mmoja. Ame anajua hivyo. Pengine alijua tangu mwanzo. Pengine orodha kaiweka yeye ili tuchafuke sisi.

Najua inavyosomeka sentensi hiyo. Naiacha.

Alhamisi, 31 Machi

Nimekipata.

Ame kaenda Wete kununua waya. Nikafuata waya mmoja wa samawati ambao sikuuweka mimi, kutoka kwenye ruta, kupitia nyuma ya kabati, mpaka juu ya dari. Nikapanda ngazi. Juu ya boriti kulikuwa na kimashine kidogo, hakizidi kitabu cha msahafu wa mfukoni, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki kisiingie maji, taa yake ya kijani inapepesa. Nikaunganisha kompyuta yangu kutazama kinasema nini. Kinapeleka vitu nje, mchana kutwa, vimefichwa kwa fumbo, kwenda kwenye mashine iliyo Ulaya. Na kinatumia zile anwani ndefu.

Nikakipiga picha. Nikachapisha na ile safu ya fe80.

Nikateremka na mikono inanuka vumbi la popo.

Jumatatu, 4 Aprili

Siku nne nimekaa nazo zile karatasi kwenye mkoba. Asubuhi afande kapiga simu, akasema nipite kituoni kumalizia maelezo yangu. Alisema "yako", si "yenu".

Nikaenda, nikampa.

Hakushangilia. Aliuliza, "Hizi anwani ni za nini?" Nikasema sijui, ila si za chuo, na si mie niliyeziweka. "Na kimashine?" Nikasema ni cha mwenzangu, Mkuu hakijui. Kila nililosema lilikuwa kweli.

Saa nane wakaja kumchukua Ame. Mmoja alipanda ngazi akakitoa kile kimashine. Ame hakubisha. Alisimama, akazima kompyuta yake kwa utaratibu, akachukua mwavuli. Alipofika mlangoni, upande wangu, akasema, "Ungeniuliza, Bi Ghaliya."

Mvua kubwa. Barabara ya Wete imefurika.

Jumanne, 5 Aprili

Bado wanaye.

Jumatano, 6 Aprili

Mama yake Ame, Bi Siti, amekuja chuoni kuuliza kama mwanawe anaruhusiwa kupelekewa chakula. Aliniuliza mimi, maana mimi ndiye ninayefanya naye kazi. Nikasema nadhani anaruhusiwa. Akaniombea dua kwa kumsaidia mwanawe.

Ijumaa, 8 Aprili

Leo mchana nimefungua ile orodha ya mashine kwenye waya. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona ushindi wangu. Kimashine kimeondolewa, na Ame yuko kituoni. Anwani za fe80 zilipaswa ziwe zimekwisha.

Ziko thelathini na saba.

Nimekaa naitazama hiyo namba. Kompyuta za chuo, na ruta, jumla yake ni thelathini na saba. Moja tu ndiyo iliyotoweka.

Nimeanza kusoma. Nimesoma mpaka msikiti ukaadhini magharibi. Anwani zinazoanza na fe80 haziwekwi na mtu. Kila mashine ya kisasa, ikiwashwa tu, inajipa yenyewe anwani hiyo ya toleo la sita ili iweze kuzungumza na majirani zake wa waya mmoja. Haivuki ruta. Haifiki hata nyumba ya pili. Kompyuta niliyokuwa nikisomea ilikuwa nayo. Ilikuwa nayo tangu siku niliyoifungua kwenye boksi, na nimekaa mbele yake miaka minne.

Nimempeleka mtu polisi na orodha ya kompyuta zetu wenyewe.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimekwenda chuoni ingawa ni siku ya mapumziko. Nikaingia ndani ya ruta, na safari hii nikatazama upande wa nje, ambao sijautazama kwa muda kwa sababu ulikuwa unafanya kazi.

Upande wa nje ruta ilitakiwa iwe na ile anwani ya kwenye karatasi ya afande. Haina. Ina anwani inayoanza na 100.64. Nikasoma tena. Anwani za toka 100.64 ni aina ya pekee: hazijulikani duniani, zimetengwa kwa ajili ya watoa huduma ya mtandao wenye wateja wengi kuliko anwani. Za toleo la nne zimekwisha, hakuna za kumpa kila mtu. Kwa hiyo mtoa huduma anawakusanya wateja nyuma ya ruta yake kubwa, anawapa hizo za katikati, na wote wanatokea duniani kwa anwani moja. Wanaweza kuwa mia, wanaweza kuwa elfu. Ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao haufutwi kama kumbukumbu, unaonyesha tulihamishwa huko tarehe mbili Februari. Hatukuambiwa.

Maana yake ile anwani ya kwenye karatasi si ya chuo. Ni ya chuo pamoja na watu nisiowajua. Ili kumtenga mmoja wao, mwenye jukwaa angelazimika kuhifadhi pia namba ya mlango aliotokea, ile ya mwisho inayomtofautisha mteja na mteja. Afande ana anwani na saa. Mlango hana.

Ame alilijua hilo siku ile akiitazama karatasi, au alilishuku. Kwa nini hakusema? Najibu mwenyewe: amwambie nani, mbele ya nani?

Jumapili, 10 Aprili

Leo nimepima hapa nyumbani. Modemu yetu ni ya mtoa huduma huyo huyo. Nikafungua tovuti ya kupimia, na anwani iliyotokea ni ile ile. Namba zote nne.

Wakati wa chakula cha mchana nikawaeleza Baba na Muntasir. Nilikuwa na furaha kidogo, nakiri, kama mtu aliyeona mlango. Nikasema anwani hii si ya chuo peke yake, hata nyumba hii imo, hata sisi tungeweza kuwa ndio tulioandika, na kesho nakwenda kituoni kuwaeleza.

Baba akasema, "Nenda. Umechelewa."

Muntasir alikuwa ameshika muhogo. Akaurudisha kwenye sahani.

"Na wao wanaweza kujua ni nyumba gani?" akauliza.

Nikasema kwa walicho nacho, hawawezi.

"Wakiomba kwa mtoa huduma?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, dada."

Akaendelea kula. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, yasibadilike kichwani mwangu.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimeandika barua kurasa mbili, Mkuu akaitia saini baada ya kuisoma mara tatu na kuniuliza kama nina hakika. Nikamwambia siku ya kwanza pia nilikuwa na hakika, lakini safari hii anaweza kupima mwenyewe. Nikampimia kwa simu yake ya mkononi, kwa laini yake mwenyewe ya mtoa huduma yule yule. Ikatoka anwani ile ile. Maalim Abdulsamad aliiweka simu mezani na kufuta mkono kwenye kanzu.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema ulichoniletea wiki iliyopita hakikuwa na maana."

"Kimashine kilikuwepo kweli. Hizo anwani hazikuwa na maana. Na anwani yenu haimwoneshi mtu."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nilidhani najua."

Akaipiga barua yangu mezani ili kingo zikae sawa. "Bi Ghaliya, watu wanaoniletea wenzao huwa hawarudi kuja kuwachukua."

Wamemwachia saa kumi. Siku saba. Sikungoja kuonana naye. Niliona mgongo wa Bi Siti tu, ameshika mwavuli juu ya mtu mrefu kuliko yeye.

Alhamisi, 14 Aprili

Ame amerudi kazini. Amekonda. Akakaa upande wa dirisha, akawasha kompyuta. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yote yakanipotea, nikabaki na "Nisamehe, Maalim Ame."

Akasema, "Nimesikia." Si "nimekusamehe". Nimesikia.

Nikamuuliza kile kimashine kilikuwa cha nini. Akanieleza bila ya kunitazama, kama anamweleza mwanafunzi. Dada yake, Khairat, anasomesha Micheweni, kwenye skuli isiyo na vitabu vya sayansi. Masomo yote yamo kwenye seva yetu. Tangu Februari, tulipowekwa nyuma ya anwani ya watu wengi, mtu wa nje hawezi tena kugonga mlango wetu, maana mlango si wetu. Akaona njia ni toleo la sita. Huko anwani ni nyingi, kila mashine inapata yake inayojulikana dunia nzima. Akaomba njia ya kupitia Ulaya, ya bure, inayolibeba toleo la sita ndani ya la nne kama barua ndani ya bahasha.

"Lakini seva yetu ni ya zamani, inajua la nne tu," akasema. "Na haya matoleo mawili hayasikilizani. La sita likisema, la nne halijui hata kama limesemeshwa. Ndipo nikaweka kimashine kinachojua yote mawili, kikae katikati, kipokee huku kitafsiri kule."

"Ungeniambia."

"Mkuu alikataza."

"Ulianza kabla ya Mkuu kukataza."

Hapo akanitazama. "Wewe ni mtoto wa Mzee Thuwein. Nikadhani ukijua, utanisemea." Akarudisha macho kwenye skrini. "Na kweli ulinisemea."

Jumapili, 17 Aprili

Nimengoja siku saba Muntasir aje mwenyewe. Hakuja. Leo baada ya adhuhuri nikamfuata uani alikokuwa anasafisha pikipiki.

"Tarehe ishirini na tatu ulikuwa nyumbani," nikasema.

Akaendelea kusugua. Kisha akasema, "Niliandika majina tu, dada. Sikumshikia mtu panga wala msumeno."

"Uliandika na njia ya kwenda shambani kwake."

"Nilisimama kwenye mvua kutwa nzima nawatazama wakiingia. Watu wetu. Waliokula kwetu. Mzee Mabruki alipita mbele yangu, akanisalimia." Ana miaka ishirini na minne, na wakati ule alionekana ana kumi. "Nilitaka waone haya. Basi."

Nikamwambia aufute ukurasa, avunje laini, asimwambie mtu. Nimeandika hapa kwa kuwa ndivyo nilivyosema. Nilimwambia ushahidi hakuna, nimeuvunja mwenyewe kwa barua ya kurasa mbili, na mtoa huduma kwa muda huu atakuwa ameshafuta kumbukumbu. Nilikuwa nahesabu kwa haraka, kwa utulivu mkubwa.

Baba alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Sijui tangu lini. Baba yangu huyu hajaisalimia nyumba ya Silima tangu waandamanaji wetu walipopigwa risasi mwaka elfu mbili na moja, na sababu zake anazijua kila mtu. Akatoka na kandambili za msalani, hasira imemfanya mweupe.

"Yule wa Silima ulimpeleka kwa karatasi usizozijua kusoma," akaniambia. "Huyu amesema kwa mdomo wake, unamfundisha kuvunja laini."

"Ni mwanao, Baba."

"Na yule ni wa nani?"

Baba akamwambia Muntasir akaoge, avae kanzu.

Kwanza walikwenda kwa Mzee Mabruki, wawili hao, kwa miguu, katika mvua. Muntasir ndiye aliyenisimulia baadaye, kwa kuwa Baba hasimulii. Mzee Mabruki aliwakaribisha, akawasikiliza. Muntasir alipomaliza, Mzee akasema, "Mkarafuu, ukiupanda leo, unautazama miaka saba au minane kabla hujauchuma. Mie nna sabini na tatu. Hesabu mwenyewe." Akawapa kahawa. Baba alikunywa. Muntasir hakuweza.

Jumatatu, 18 Aprili

Baba na Muntasir wamekwenda kituoni asubuhi. Baba amerudi peke yake.

Jumatano, 27 Aprili

Muntasir katoka kwa dhamana. Kesi itatajwa Juni. Waliokata miti hawajulikani, na yeye anaapa hawajui. Namwamini. Kisha nashangaa kwamba namwamini, kisha namtazama akila.

Jumatatu, 2 Mei

Nimemwambia Ame. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia dukani, lakini Gando ni ndogo, alikuwa keshasikia.

"Basi zile siku saba nilikaa kwa ajili ya Muntasir," akasema.

"Ulikaa kwa ajili yangu. Muntasir hakukutaja."

"Kweli," akasema. Akainamia kazi yake. Sikutegemea kwamba neno fupi kama hilo lingeniuma hivi.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua siku ya tano mfululizo. Watu wa upande wetu wanasema Baba kauza mwanawe. Wawili wamekataa mkono wake msikitini. Anakwenda vile vile, safu ya mbele.

Alhamisi, 19 Mei

Kimashine kimerudishwa kutoka kituoni, ndani ya bahasha, na kibandiko cha namba. Mkuu amekiidhinisha kwa maandishi. Kitakaa kabatini, wazi, si darini.

Jumatano, 25 Mei

Jua la kwanza kwa wiki mbili.

Jumatatu, 30 Mei

Leo tumekiwasha, mie na Ame. Kazi imechukua tangu asubuhi mpaka saa tisa. Amenifundisha kusoma zile anwani ndefu: ipi ya waya mmoja tu, ipi ya ndani ya chuo, ipi inayojulikana dunia nzima. Anafundisha vizuri, kwa maneno machache. Hakuuliza hali ya Baba.

Saa nane na nusu Khairat akapiga simu kutoka Micheweni kwamba somo limefunguka. Nilisikia makelele ya darasa nyuma yake. Ame akasema, "Haya, wasomeshe," akakata.

Kisha akasema neno la siri la ruta libadilishwe. Nikaandaa karatasi nimwandikie. Akanizuia.

"Liwe la watu wawili," akasema. "Nusu yako, nusu yangu. Mmoja asiweze kuingia bila ya mwenziwe."

"Ni amri ya Mkuu?"

"Hapana. Nimetaka mimi."

Nikamwambia mimi pia naona afadhali hivyo, na nilisema kweli. Akaanza yeye. Nikageuza uso ukutani, nikasikia vidole vyake vikigonga, herufi nane au tisa. Akaniita. Akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo, nami nikaandika yangu.

Likakubali.